Kadi ya Mwisho Ndani ya Kopo la Biskuti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wetu wa Idara ya Kamusi, wifi yangu, mke wa mstaafu, uliyempokea kila jioni mtu ambaye sisi tulikuwa tumemaliza kumvumilia mchana, wanawe na wajukuu zake, ndugu wageni waalikwa, wahariri wenzangu mliojibanza kule nyuma karibu na meza ya biskuti mkidhani siwaoni, Mama Chai, Dereva wetu, na wewe mwenyewe, Mzee Kadi, uliyekaa hapo mbele umevaa tai kwa mara ya kwanza tangu nikufahamu, habari za mchana huu?

Nimepewa dakika kumi. Mshereheshaji amenivuta pembeni akaninong'oneza, "Mhariri Mkuu, nakuomba sana, leo ni siku yake, usibishane naye jukwaani." Nikamwahidi. Nimekuwa mhariri miaka ishirini na miwili na najua thamani ya neno ahadi, kwa hiyo naomba mnisamehe mapema, kwa sababu nimekuja hapa kubishana.

Na sina muda. Saa ya ukutani inaonyesha saa tisa na dakika ishirini. Ikifika saa kumi kamili, kaka yangu huyu si mtumishi tena, na saini yake haina kazi kwenye karatasi yoyote ya ofisi yetu. Kesho asubuhi mpiga chapa anakuja kuchukua kamusi kubwa tuliyoihangaikia muda wote huu. Maneno yote yamekamilika isipokuwa moja. Hilo moja lisipopata saini yake kabla ya saa kumi, Mkurugenzi ameshasema, linaachwa nje ya kitabu. Mkurugenzi, umesema au hukusema? Anaitikia kwa kichwa. Amesema.

Neno lenyewe ni "contest". Mnacheka? Chekeni tu. Mngekaa nalo chumba kimoja miaka kumi na tisa msingecheka.

Ndugu wageni waalikwa, kwa wale mliokuja kwa ajili ya familia na hamjawahi kupanda ngazi zetu, ngoja niwaonyeshe tunavyofanya kazi. Chumba chetu kiko ghorofa ya pili. Kina meza mbili zinazotazamana, dirisha moja ambalo halifungiki, na rafu zilizojaa maboksi ya viatu. Viatu hamna. Kila boksi lina kadi, na kila kadi ina neno moja la Kiingereza na maana zake kwa Kiswahili. Kompyuta tunazo, tena nzuri, lakini Mzee Kadi alikataa katakata kuliamini neno ambalo hawezi kulishika mkononi, ndiyo maana mnamwita hivyo, na wengine hapa jina lake la kuzaliwa hamlijui kabisa.

Kila kadi inahitaji saini mbili. Wahariri wawili wakikubaliana, wanasaini, yamekwisha. Wasipokubaliana, kadi inaingia kwenye kopo. Kopo ni hili hapa. Lilikuwa la biskuti, kifuniko chekundu, limebonyea upande mmoja kwa sababu kuna siku liliruka kutoka meza moja kwenda nyingine, na sitasema liliruka kutoka meza ya nani.

Kila Ijumaa saa nne, wakati wa chai, kopo linafunguliwa. Hapo ndipo penye utaratibu wetu ambao sijauona ofisi nyingine yoyote. Lazima waitwe mashahidi wawili, na wasiwe wahariri. Mara nyingi walikuwa Mama Chai na Dereva. Huyu mhariri anasema yake, yule anasema yake, mashahidi wanauliza wanachotaka kuuliza, halafu wanatamka neno moja tu: "Tumesikia." Hawaamui nani kashinda. Kazi yao ni kusikia. Lakini nawaambieni, ukishalazimika kumweleza Dereva kwa sauti, huku anakutazama na kikombe mkononi, kwa nini umegoma wiki tatu kwa sababu ya koma, unajisikia mwenyewe unavyochekesha. Unachukua kalamu, unasaini.

Nakumbuka tulivyogombania neno la Kiingereza la kabati. Mzee Kadi anataka aeleze kama lina milango au halina, mimi nataka nieleze kama limesimama au limetundikwa. Tukatema maneno nusu saa nzima. Mama Chai akaweka birika chini, akasema, "Wanangu, hilo ni kabati. Nawaonea huruma wake na waume zenu. Tumesikia." Tukasaini wote wawili bila kutazamana.

Sasa turudi kwenye hili neno letu. Mwingereza akisema "contest", anaweza kuwa anasema habari za watu wanaoshindana: wakimbiaji wanaokimbilia utepe mmoja, watu wawili wanaotaka kiti kimoja. Anaweza pia kuwa anasema habari za kupinga: ndugu anayekwenda mahakamani kuupinga wosia wa baba, mgombea anayekataa matokeo. Wala sisi tusimshangae, maana kwetu pia kugombea na kugombana ni ndugu wa tumbo moja. Hapo hatukuwa na ugomvi. Maana tulizikubali siku ya kwanza, kabla chai haijapoa.

Ugomvi ulikuwa mstari mmoja. Mzee Kadi aliandika chini ya maana, kwa mwandiko wake ule uliolala: "Asili yake ni Kilatini: kuita mashahidi pamoja." Mimi nikaukata kwa kalamu nyekundu. Yeye akauandika tena. Mimi nikaukata tena. Kadi ikaingia koponi, ikakaa humo miaka kumi na tisa.

Hoja yangu ilikuwa hii, na niliitetea kwa nguvu zote. Nani anafungua kamusi? Ni mwanafunzi aliye na mtihani, ni karani aliyeletewa barua asiyoielewa, ni mtu mwenye dakika mbili na neno moja la kumtoa jasho. Mtu huyo umpe maana aende zake. Mambo ya Warumi waliokufa zamani yanamhusu nini? Nilikuwa nikimwambia, "Kaka, watu wanataka maji, wewe unawapeleka kuonyeshwa chemchemi."

Naye hoja yake? Alikuwa akivua miwani kwanza. Ukimwona Mzee Kadi anavua miwani, tafuta kiti. Alikuwa akisema kwamba watu wa kale wale, wawili wakiwa na shauri, hawakulianza kwa kurushiana maneno. Waliwaita watu kwanza, wote wawili, wakasema mbele yao, "Shuhudieni." Hapo ndipo shauri lilipohesabika kuwa limeanza. Kwa hiyo kabla hamjashindana mlikuwa mmeshakubaliana jambo moja kubwa, kwamba hawa wanaotusikiliza tunawaamini sote. Neno likapita kwa Wafaransa, likafika kwa Waingereza. "Na njiani," alikuwa akimalizia, akirudisha miwani puani, "mashahidi wakashuka, ugomvi ukaendelea na safari peke yake."

Nami nikawa namjibu, "Vizuri sana. Saini bila huo mstari."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, miaka saba iliyopita nafasi ya Mhariri Mkuu ilikuwa wazi. Tukaiomba wawili, mimi na huyu bwana. Yeye alinitangulia kazini kwa miaka tisa. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika kadi pembeni nisiipake jasho. Nikaipata mimi. Alichukua hatua gani? Alipinga. Aliandika barua ya kurasa tatu, yenye tanbihi chini, jamani, barua ya malalamiko yenye tanbihi! Ikakataliwa. Basi kwa siku kumi na moja hatukusemezana, huku tumekaa tumetazamana chumba kimoja. Tuliwasiliana kwa kadi. Nikipata kadi: "Funga dirisha." Naandika: "Halifungiki tangu mwaka juzi." Inarudi: "Basi usilitazame hivyo." Na kila kadi, nawaapia, alikuwa ametia saini na kuniachia nafasi ya saini ya pili.

Wifi yangu anacheka mpaka machozi. Wifi, nyumbani alikuwa anasema? Anasema alikuwa hasemi. Siku kumi na moja zote, nyumbani pia!

Sasa ndani ya siku hizo kumi na moja ilipita prufu, ile nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapwa, ya kamusi ndogo ya shule. Nikafika kwenye neno la Kiingereza la mabishano makali, "controversy". Nikaona maana haijakaa sawa, na wa kumuuliza alikuwa hatua tatu kutoka nilipo, na sikuwa tayari kufungua mdomo. Kwa hasira nikaandika pembeni: "Muulizeni yule mbishi, mimi nimechoka." Nikasaini, nikasukuma prufu upande wake wa meza. Naye, mtu ambaye hajawahi kupitisha hata nukta bila kuikagua, siku hiyo alisaini bila kusoma, kwa sababu angesoma angelazimika kuniuliza, na kuniuliza ni kunisemesha.

Mpangaji wa herufi alikuwa mtiifu. Alipanga alichokiona.

Nakala elfu kumi, ndugu wageni waalikwa. Nakala elfu kumi zilienda shuleni zikiwa na neno hilo, na mbele yake, kwa herufi safi kabisa: "Muulizeni yule mbishi, mimi nimechoka." Kuna mwalimu alituandikia akisema darasa lake limekubaliana kwamba ndiyo maana bora kuliko zote kitabuni. Chekeni. Wakati ule sikucheka. Niliitwa mbele ya kamati, viti sita upande wao, kimoja upande wangu, na barua ya kuniachisha kazi ilikuwa imeshaandikwa, niliiona imelazwa kifudifudi mezani. Na kila mtu alijua nikitoka mimi anaingia nani. Kiti alichokigombea kilikuwa kinamjia chenyewe, yeye akae tu, asiseme kitu. Na kutosema kitu alikuwa ameshakufanyia mazoezi siku kumi na moja.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia, kopo hili la biskuti kwapani. Mwenyekiti akamwuliza, "Wewe umeitwa na nani?" Akasema, "Sijaitwa. Nimekuja kuwa shahidi." Akavua miwani. Mimi nikajisemea moyoni, nimekwisha. Akasema: "Prufu ile ina saini mbili. Ya pili ni yangu. Mkimfukuza yeye, andikeni barua ya pili, jina langu mnalo. Na kuhusu maana iliyochapishwa, yule mbishi anayetajwa ni mimi, na ni kweli kabisa huyu mwenzangu alikuwa amechoka, nilimwona kwa macho yangu."

Halafu mjumbe wa mwisho upande wa kulia akaanza kutikisika mabega. Akafuata wa pili. Ikaisha hivyo, kamati nzima inajifuta macho, na adhabu yetu ikawa kubandika karatasi ya masahihisho kwenye kila nakala iliyorudishwa kutoka shuleni, mimi na yeye, kwa mikono yetu. Wiki mbili tulikaa na ndoo ya gundi tukibandika. Siku tatu za mwanzo hatukubandika hata moja, kwa sababu tulikuwa tunabishana karatasi ya masahihisho iandikweje. Zilikuwa wiki mbili nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kazi.

Sikumshukuru. Nasema leo mbele yenu, sikumshukuru hata siku moja. Nilimpitishia gundi.

Sasa najua wapo wanaojiuliza: ikiwa kopo linafunguliwa kila Ijumaa, na mashahidi wapo, na chai ipo, kadi moja imekaaje humo miaka kumi na tisa? Mama Chai, uliwahi kuisikia kadi hii ikisomwa? Hapana. Dereva? Hapana. Kwa sababu kila Ijumaa Mzee Kadi aliitoa akaiweka juu ya meza, na kila Ijumaa mimi nilisema, "Hiyo siyo leo." Tuliibishania tukiwa wawili tu, mlango umefungwa, kwenye korido, kwenye ngazi, mara moja kwenye msiba wa watu, Mungu atusamehe. Neno ambalo kazi yake ya kwanza duniani ilikuwa kuita mashahidi, tuliligombania miaka kumi na tisa bila shahidi hata mmoja. Wahariri wawili wazima! Wenye vyeti!

Mwanzoni nilikuwa naogopa kwamba nikisema hoja yangu mbele ya Mama Chai nitashindwa. Baada ya ile kamati nilijua kabisa nimeshindwa. Lakini hapo nikaanza kuogopa kitu kingine. Kadi nyingine zilikuwa zinatoka koponi moja moja, zinasainiwa, zinaingia kwenye maboksi. Niliona siku inakuja ambayo kopo litakuwa tupu. Na kopo likiwa tupu, kaka yangu, mimi na wewe tutakuwa na nini cha kusemezana? Nilikuwa naogopa hilo. Ndiyo nimesema.

Basi leo asubuhi niliwahi kazini. Nilikuwa nimeshaandika kadi mpya: neno, maana zote mbili, na mstari wako, Mzee Kadi, neno kwa neno, "kuita mashahidi pamoja", na saini yangu chini. Nilitaka uikute koponi iwe zawadi yako ya kuagwa. Nikafungua kifuniko.

Nikakuta umenitangulia.

Kadi hii hapa, inueni macho muione. Mwandiko ule uliolala. Neno, maana mbili, nukta. Mstari haupo! Ameutoa mwenyewe, ametia saini, na amenibandikia kikaratasi: "Umeshinda. Mwanafunzi aende zake."

Nilikasirika jamani! Nilipiga meza mpaka Mama Chai akaja mbio akidhani dirisha limeanguka. Miaka kumi na tisa mtu anakupinga, siku unapokubali ndipo na yeye anakubali? Sasa tuna kadi mbili, kila moja ina saini moja, zinapingana kama zamani, ila tumebadilishana viti! Huu si uungwana, Mzee Kadi. Mtu hastaafu kwa kukimbia na ushindi wa mwenzake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na ahadi niliyompa mshereheshaji, mimi napinga. Na safari hii nafuata utaratibu. Nawaita mashahidi, wote mliomo humu ndani, isipokuwa wale wahariri wa pale nyuma, nyie kuleni biskuti zenu.

Shuhudieni. Nasema nilikosea. Mstari ule haumpotezei mwanafunzi muda. Mwanafunzi atakuja kuwa na ndugu wa kugombana naye, na mwenzake wa kugombea naye kiti, na siku hiyo itamfaa kujua kwamba hapo zamani watu hawakuanza ugomvi mpaka wamepata mtu wa kuwasikiliza wote wawili. Ushahidi wangu ni mtu aliyeingia kwenye mlango wa kamati na kopo kwapani, wakati kukaa kimya kungempa kila alichokuwa anakitaka. Kaka, asante. Imechelewa miaka saba, ipokee hivyo hivyo. Kadi ya kwenda kwa mpiga chapa ni hii yangu, yenye mstari wako. Kalamu hii hapa. Ni saa tisa na dakika arobaini na sita.

Ngojeni kidogo. Anasimama.

Anavua miwani. Wifi, mshike! Hapana, mwache, anakuja. Mpisheni njia, jamani, hicho kiti kiondoeni. Anasema nini? Anasema, "Nani amekuruhusu kufungua kopo siku ambayo si Ijumaa?" Mnamsikia mtu huyu? Karibu, kaka, karibu mezani. Anaisoma. Anaisoma yote. Amegeuza na nyuma, ambako hakuna kitu, anasoma na nyuma.

Amesaini!

Pigeni makofi, ndiyo, pigeni, Mkurugenzi piga na wewe, neno limeingia kitabuni! Lakini tulieni, kuna kitu kingine anafanya. Ile kadi yake, ile isiyo na mstari, hakuichana. Ameikunja? Hapana, ameirudisha koponi. Amefunga kifuniko. Ananikabidhi kopo mkononi, na maneno yake ni haya, nayasema kama alivyoyasema: "Hii bado sijakubali. Nitakuja Ijumaa, saa nne. Mwambie Mama Chai."

Mama Chai, umesikia. Dereva, umesikia. Na ninyi nyote mliokaa hapa tangu saa nane, asanteni kwa kunisikiliza, na kabla sijashuka jukwaani nataka mniitikie kwa sauti moja, kwa mujibu wa utaratibu wetu: mashahidi, mmesikia?